Farasi, Mpandaji na Huruma: Khabari za Zamani Kutoka Madina Hata Ziwa Tanganyika



Mtoto wa Buyenzi hulijua jina la farasi kabla hajamwona farasi mwenyewe. Humkuta chuoni, katika Juzuu Amma, anapofika Suratul-Aadiyaat, ambamo Mwenyezi Mungu ameapa kwa wanyama wendao mbio hali wakihema, ambao kwato zao hutoa cheche katika mawe na wakati wa alfajiri huwashukia maadui. Wanazuoni wa tafsiri wamekhitalifiana katika jambo hili. Ibn Abbas (r.a.) amesema kuwa ni farasi wa vita, na Sayyidna Ali (r.a.) amesema kuwa ni ngamia wa mahujaji. Wengi wameshika kauli ya kwanza. Basi mtoto husoma, akahifadhi, akatoka. Na nje ya chuo hukutana na baiskeli, pikipiki na magari yanayofunguliwa na mafundi wa mtaa wake, wala hakutani na farasi hata mmoja.

Sababu za jambo hili zafaa kuelezwa, maana wengi hudhani kuwa farasi hakufika katika nchi hii kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumleta. Sivyo. Walioleta farasi, ngamia na punda katika njia ya kutoka pwani hata Ujiji walikuwapo, na khabari zao zimeandikwa. Wanyama hao walikufa njiani. Wengine waliuawa na mbung'o, na wengine waliuawa na watu. Na katika safari moja mashuhuri haikuwezekana kabisa kujulikana ni nani katika hao wawili aliyeua. Ili khabari hiyo ifahamike, hapana budi kwanza kutazama jinsi Waislamu wa mwanzo walivyofundishwa kumpanda mnyama.

Mji wa Madina ulikuwa na farasi wachache, na kila farasi alijulikana kwa jina lake. Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kelele, wakatoka kwenda kuziangalia. Walipokuwa njiani walimkuta Mtume Muhammad (s.a.w.) anarudi, amekwisha kutangulia peke yake, upanga shingoni, naye amepanda farasi wa Abu Talha bila ya tandiko. Farasi huyo alikuwa akisifika kwa uzito na uvivu. Mtume aliwatuliza watu, kisha akamsifu farasi yule kwa kumfananisha na bahari kwa upesi wake. Anas bin Malik, aliyeisimulia khabari hii, amesema kuwa tangu siku ile farasi huyo hakutanguliwa tena. Wanaojua farasi hawaoni ajabu sana katika jambo hili, ijapokuwa kwa Waislamu ndani yake mna baraka. Farasi anayeitwa mvivu mara nyingi ni farasi aliyechoka kuvutwa kinywa na kupigwa mbavu. Akipata mpandaji anayekaa sawasawa na mwenye mkono mwepesi, huenda.

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo yake mwenyewe. Alipoulizwa, alieleza kuwa usiku ule alikuwa amelaumiwa kwa ajili ya farasi. Msomaji na aitazame khabari hii kwa utulivu. Mwenye kulaumiwa ni mbora wa viumbe, na anayetakiwa kutazamwa zaidi ni mnyama.

Katika mashindano pia palikuwa na kanuni. Ibn Umar (r.a.), ambaye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana, amesimulia kuwa Mtume aliwagawa farasi mafungu mawili. Farasi waliokuwa wamekwisha kuandaliwa walikimbia kutoka mahali paitwapo Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, nao ni mwendo wa maili 5 au 6. Wale wasioandaliwa walikimbia kutoka Thaniyyatul-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja tu. Kuandaliwa huko Waarabu hukuita tadhmiri. Farasi hulishwa vizuri mpaka akanenepa, kisha chakula hupunguzwa kidogo kidogo, hufunikwa nguo ili atoke jasho, nyama zake zikakaza na pumzi zake zikawa ndefu. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Farasi asiyepitia kazi hiyo akikimbizwa maili 6 huweza kupasuka moyo au kuvunjika miguu, na ndiyo maana aliwekewa njia fupi. Hakuna aliyesema kuwa farasi wale wa njia fupi ni wabaya. Kila mmoja alitakiwa kiasi cha nguvu zake.

Khabari za namna hii ni nyingi, na si za farasi peke yake. Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mgumu, akawa anamgeuza huku na huku kwa nguvu, naye akaamrishwa upole. Katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari palikuwa na ngamia aliyetokwa na machozi alipomwona Mtume. Mtume akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe akamwambia kuwa mnyama huyu ameshtaki kwamba humweka na njaa na humchosha kwa kazi. Tena ilikatazwa mtu kukaa juu ya mnyama aliyesimama na kuufanya mgongo wake kuwa mimbari, akizungumza na wenzake muda mrefu ilhali hana safari. Na Anas amesimulia kuwa masahaba walipofika kituoni hawakuwa wakianza sala za sunna mpaka wamekwisha kuwafungua wanyama mizigo. Jambo hili latosha kumwonya mtu anayedhani kuwa ibada yake humpa ruhusa ya kumwacha mnyama amesimama juani na tandiko mgongoni.

Hata katika mgao wa ngawira farasi alikuwa na haki yake. Kwa mapokezi ya Ibn Umar, farasi alipata mafungu mawili na mpandaji fungu moja. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu na wa huku maziwani, ameshika hivyo. Imamu Abu Hanifa alikataa, akampa farasi fungu moja tu, kwa kuona si vizuri kumpa mnyama zaidi ya Muislamu. Walakini waliompa mawili walijibu kuwa fungu hilo si heshima, bali ni chakula. Farasi hula zaidi ya bwana wake.

Baada ya masahaba, jambo hili halikuachwa kuwa tabia njema ya mtu peke yake, bali liliingia katika amri za serikali. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala tangu mwaka 99 mpaka 101 Hijria, yaani 717 mpaka 720 Miladia, alipata khabari kuwa ngamia wa Misri hubebeshwa ratili 1,000. Akamwandikia mtu wake wa huko kuwa asisikie tena mnyama aliyebeba zaidi ya ratili 600. Alikataza pia kuwatia wanyama lijamu nzito, na kuwachoma kwa fimbo yenye chuma kichwani.

Katazo hilo la lijamu huonyesha kuwa aliyelitoa alijua anachokisema. Katika taya la farasi, baina ya meno ya mbele na magego, pana nafasi isiyo na jino. Hapo ndipo chuma cha lijamu hukaa, juu ya ulimi na juu ya ufizi mtupu ambao chini yake ni mfupa. Mpandaji avutapo hatamu kwa hasira, chuma hukandamiza mfupa ule, na kikiwa kizito hukandamiza hata pasipo kuvutwa. Farasi hawezi kulia kama mbwa alivyo, kwani wanyama hawa wameumbwa wanyamaze wanapoumwa, wasijulikane na simba. Hutikisa kichwa, hufunua kinywa, hulaza masikio nyuma, hupiga mkia. Na mjinga husema kuwa ana kiburi, akamwongezea mjeledi.

Wanazuoni wa sharia nao wakaandika. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 Miladia, ameweka katika kazi za muhtasibu wa sokoni kuwazuia wenye wanyama wasiwabebeshe wasichoweza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha; akikataa atalazimishwa ama kumuuza, ama kumlisha, ama kumchinja ikiwa ni wa kuliwa; na kwamba hakamuliwi mnyama maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto wake. Kitabu hicho ndicho kilichosomeshwa Lamu, Unguja na visiwa vya Ngazija kwa miaka mingi. Kwa hiyo hakuna mtu wa pwani aliyesoma awezaye kudai kuwa hukumu hizi hazikumfikia.

Na wenye kazi yenyewe, yaani watunza farasi, nao walikuwa na vitabu vyao. Muhammad bin Yaakub, ajulikanaye kwa jina la Ibn Akhi Hizam, alikuwa akisimamia farasi huko Baghdad katika zama za Khalifa al-Muutadhid (892–902). Yeye alifundisha kuwa mwanafunzi aanze kupanda mgongo mtupu, bila tandiko. Sababu yake ni wazi. Asiye na tandiko wala vikuku vya kukanyagia hulazimika kujishika kwa mapaja na kufuata mwendo wa mnyama, na akianguka hujua kosa ni lake. Mwenye kuanza na tandiko hujifunza kujishika kwa hatamu, yaani hujizuia asianguke kwa kuning'inia katika kinywa cha farasi. Tofauti ya wapandaji hawa wawili farasi huijua tangu hatua ya kwanza.

Khabari ya Marco Polo wa Venezia, aliyepita India mwishoni mwa karne ya 13 Miladia, yaonyesha jinsi ujinga unavyoweza kuua bila hata ya kukusudia. Wakati ule wafanyabiashara wa Hormuz, Dhofar, Shihr na Aden walipeleka farasi kwa maelfu kwa wafalme wa kusini ya India, nao walilipwa mali nyingi sana. Kila mwaka wafalme walinunua wengine. Marco Polo ameeleza kuwa farasi wale walikufa ovyo kwa sababu nchi ile haikuwa na watu wajuao kuwatunza, na chakula walichopewa hakikuwafaa. Mali ilikuwapo, na mapenzi ya farasi yalikuwapo, lakini maarifa hayakuwapo.

Sasa tufike Unguja. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, alikuja na farasi na punda weupe wa Maskati. Katika jumba la Mtoni, ambalo leo magofu yake yamesimama kando ya bahari kaskazini ya mji, watoto wake walifundishwa kupanda tangu wadogo. Binti yake Sayyida Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844 na baadaye akahamia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, ameyaandika maisha hayo katika kitabu kilichotoka Berlin mwaka 1886. Watoto wa kiume walipanda farasi wa Kiarabu, na wa kike walipanda punda wa Maskati, wanyama warefu wenye mwendo laini. Huko kupanda hakukuwa mchezo wa pembeni. Kulihesabiwa katika malezi, sawa na kusoma Kurani.

Sayyid Said alijua thamani ya farasi hata mbele ya mataifa. Mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York, na ndani yake, pamoja na lulu, mazulia na manukato, mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu wa kupewa Rais Van Buren wa Marekani. Kwa farasi safari hiyo si jambo dogo. Farasi ni mnyama asiyeweza kutapika, kwa hiyo tumbo lake likichafuka baharini huweza kufa. Na husimama miezi katika nafasi finyu chombo kikiyumba. Wale wawili walifika, na kufika kwao ni ushahidi kuwa waliokuwa nao walijua kazi. Sharia ya Marekani haikumruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme, basi farasi wakauzwa mnadani na fedha zikaingia hazina ya serikali.

Hivyo basi, katikati ya karne ya 19 hukumu zilikuwapo vitabuni na ujuzi ulikuwapo Unguja. Lakini maili chache tu ng'ambo ya pwani ilianza nchi nyingine, nchi ya mbung'o, na ndiyo iliyokuwa njia ya kuja huku.

Mwezi Machi 1866 daktari David Livingstone alishuka Mikindani, kusini ya Tanzania ya leo, akiwa na barua ya Sayyid Majid bin Said. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Kihindi 3 na ndama wao, baghala 2 na punda 4. Shabaha yake ilikuwa njema. Alikuwa ameona kuwa nyati wa mwituni wa Afrika hadhuriwi na mbung'o, akataka kujua kama nyati wa Kihindi na ngamia nao wataweza kustahimili. Kama wangestahimili, mizigo yote ya njia ya bara ingetoka mabegani mwa watu na kupanda migongoni mwa wanyama. Hakuna jaribio lililokuwa na maana kubwa kuliko hilo kwa nchi hizi.

Wanyama hao aliwakabidhi askari wa Kihindi kutoka Bombay. Livingstone aliandika siku kwa siku yaliyotokea. Askari waliongeza mizigo yao wenyewe juu ya mizigo ya ngamia. Waliwapiga kwa marungu. Matandiko yalichubua migongo, na vidonda vikaoza bila kutibiwa. Mwenyewe alionya, akakemea, na kila alipotangulia mbele, nyuma mambo yalirudi yale yale. Mbung'o waliwauma ngamia mpaka damu ikatoka, na kwa muda hawakuonyesha dalili. Kisha mmoja akafa, na wa pili, na wa tatu, nyati nao wakafuata. Livingstone akaona kuwa jaribio lake limeharibika. Hakuweza kusema wameuawa na mbung'o, kwa sababu vidonda na njaa na kuchoka vingetosha kuwaua. Wala hakuweza kusema wameuawa na askari, kwa sababu mbung'o waliwauma kweli. Mwaka huo huo askari wale akawarudisha pwani.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa khabari za Livingstone hulipita upesi. Ukatili ule haukuua wanyama peke yao, uliua jawabu. Watu wa bara wakaendelea kubebeshwa mizigo, na dunia ikangoja karibu miaka 30 mpaka mwaka 1895, ambapo David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, alipopata huko Zululand vidudu ndani ya damu ya wanyama wagonjwa, akathibitisha kuwa mbung'o ndiye anayevichukua. Elimu ya matabibu wa wanyama imezidi kueleza kuwa mnyama mwenye vidudu hivyo, akiwa na njaa au akichoshwa kwa kazi, hushindwa upesi zaidi kuliko aliyepumzishwa na kulishwa. Kwa hiyo yamkini wote wawili waliua, mbung'o na rungu pamoja.

Mwaka 1871 alikuja mwandishi wa gazeti, Henry Stanley, kumtafuta huyo Livingstone. Sayyid Barghash bin Said alimpa farasi wa Kiarabu wa kijivu, na mfanyabiashara mmoja wa Kimarekani wa Unguja akampa mwingine mwekundu aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Aliondoka Bagamoyo mwezi Machi. Hakufika mbali. Kituoni Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, farasi wa Sayyid alikufa, na kabla ya siku moja kupita wa pili naye akafa. Stanley aliwapasua matumbo ili ajue kama ni mbung'o. Wa kwanza akamkuta amejaa minyoo, na wa pili akasema ana donda baya tumboni. Alimzika farasi karibu na kambi. Mkubwa wa mahali pale akaja kudai faini ya doti mbili za merikani kwa kuwa mgeni amezika mzoga katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kuwa basi atawaamuru askari wamfukue na kumwacha pale pale juu, na yule mkubwa alipowaza harufu yake, akaona kheri wapatane. Watu wa njia ile walicheka, na kwa kweli ni khabari ya kuchekesha. Ila mtu anayesoma akakumbuka farasi wawili wa Sultana waliofika New York salama hujiuliza kama wale wa Kingaru walipata mtunzaji wa namna ile ile.

Stanley alifika Ujiji kwa miguu. Mwezi Novemba wa mwaka huo yeye na Livingstone walipanda mtumbwi wakaja mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa kuutazama mto Rusizi, nao walipita kando ya mahali ulipo mji wa Bujumbura leo. Jiwe la ukumbusho wao liko Mugere, kusini ya mji. Farasi hakuwapo, ngamia hakuwapo.

Kwa kuwa mnyama alishindikana, mzigo ulirudi kwa mtu. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha farasila mbili, yaani ratili 70 hivi za Kiingereza, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, mwendo wa miezi. Wengi walikuwa watu wa Unyamwezi, waungwana, waliolipwa ujira na kujivunia kazi yao. Walakini wengine hawakuwa waungwana. Hapa kalamu ya mwenye kuandika tarikhi haina ruhusa ya kukwepa. Katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo na magogo shingoni, wakabebeshwa pembe za ndovu, na wengi wa waliowaongoza walikuwa watu wenye kusali. Hukumu ya mtumwa nayo ilikuwa vitabuni: asibebeshwe asiloliweza, na akibebeshwa asaidiwe, ale anachokula bwana wake, avae anachovaa. Mtu aliyejua kuwa ngamia asibebe zaidi ya ratili 600 alijuaje hilo asijue hili? Baadhi ya waandishi wameleta udhuru kuwa zama zilikuwa hivyo. Udhuru huo ni dhaifu, kwani Umar bin Abdul-Aziz alikuwa wa zama za kale zaidi.

Katika milima ya Burundi misafara hiyo haikupata njia. Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, aliwazuia wafanyabiashara wa Ujiji, naye Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, hakufaulu kuitiisha nchi yake. Ndani ya nchi hiyo hakuna mtu aliyepanda mnyama. Wakubwa na wagonjwa walibebwa na watu katika ingobyi, ndiyo machela. Ng'ombe walikuwa wengi na wenye kupendwa, wakisifiwa kwa mashairi na kukandwa kwa mikono, lakini hawakutiwa tandiko wala mzigo. Kisha katika miaka ya mwanzo ya 1890 tauni ya ng'ombe ilishuka kutoka kaskazini ikawafagia. Wadachi walipoweka boma lao Usumbura mwaka 1897, na Waswahili wa Ujiji na wa pwani wakakaa kando yake, waliikuta nchi ambayo kila kitu kilikwenda kwa kichwa na mabega ya binadamu. Huko Kilimanjaro Wadachi walijaribu hata kufuga punda milia, kwa kuwa mbung'o hamwui. Lakini punda milia si mnyama wa kukubali tandiko, na shauri hilo likafa. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na baada yao likaja gari. Swali la farasi likafungwa.

Mahali ambapo mnyama wa kupandwa amebaki katika maisha ya Waswahili ni Lamu. Vichochoro vya mji ule havipitishi gari, na punda hubeba mawe, mchanga, maji na watu. Punda wale walikuwa wakidhoofika sana kwa minyoo na vidonda, mpaka mwaka 1987 ilipofunguliwa nyumba ya kuwatibu ufukoni, nayo hutibu bila malipo. Mashindano huwekwa ambayo punda hasifiwi kwa mbio bali kwa hali ya mwili wake, na tuzo huchukuliwa na mwenyewe. Pia kuna mbio za punda wakati wa sherehe, na vijana wa Lamu huwapanda migongo mitupu, kama alivyopenda Ibn Akhi Hizam, ingawa fimbo nazo huonekana mkononi, na hizo hakuzipenda mtu yeyote aliyetajwa hapa.

Bujumbura haina punda wala farasi wa namna hiyo, na vijana waweza kuona kuwa mlango huu wa sharia hauwahusu. Lakini katika barabara ya kutoka Bugarama huteremka kila asubuhi baiskeli na malori, na juu yake kuku wamefungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini, na mbuzi wamefungwa wanne wanne juu ya mizigo. Katika Minhaj mlango wa nafaka huanza na mke, kisha watoto na wazazi, kisha mtumwa, na mwisho wake kabisa ni mnyama. Hukumu ya mtumwa siku hizi husomwa darasani kama khabari za kale. Ile ya mnyama husomwa kama ilivyo, na mwanafunzi huweza kuulizwa juu ya kuku wale wa Bugarama.